Jeki Haendi Ulaya

Jumatatu, 6 Machi 1950

Nimeamka saa kumi na moja. Kuni zilikuwa na umande, jiko likatoa moshi mpaka macho yakawasha. Chai ya Bwana, uji wa Memsahib, mayai mawili kwa kila mtu. Halafu chakula cha mbwa: unga wa posho na nyama ya shingo, ichemke mpaka iachane na mfupa, ipoe, ndipo apewe. Jeki amekula. Mimi nimekula viazi vya jana.

Huu ni mwaka wa tisa nampikia mbwa huyu. Alikuja akiwa mdogo wa kuenea kwenye sufuria ya maziwa. Sasa amezeeka, mdomo umekuwa mweupe, na bado anambwekea kila Mwafrika anayekaribia lango. Mzungu akija, hata mgeni kabisa, anatikisa mkia. Katika watu weusi wote wa Eldoret amenisamehe mimi peke yangu.

Saa sita Memsahib ameniita sebuleni. Wanarudi Ulaya. Nyumba imeuzwa. Wanapanda treni Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Ameongea juu ya sahani, mapazia na kinanda. Juu yangu hakusema neno. Nimekasirika. Mkate umeungua.

Jumatano, 8 Machi

Mezani wamebishana kuhusu Jeki. Memsahib anataka aende nao. Bwana anasema mbwa akitoka Afrika, Ulaya wanamfungia karantini miezi sita.

Nilikuwa nimeshika bakuli la viazi. Nikarudi jikoni haraka nikacheka huko. Ng'ombe wa shemeji yangu kule Soy waliwekwa karantini mpaka ndama wakawa fahali. Hawakuruhusiwa hata kuvuka barabara. Kumbe Wazungu wenyewe wakiguswa nayo wanalia. Mkuki kwa nguruwe.

Baadaye kicheko kimeniisha. Miezi sita ndani ya kizimba, kwenye baridi, na umri ule. Hatoki mzima.

Ijumaa, 10 Machi

Haendi. Hilo limeisha.

Lililobaki ni atafanywa nini. Bwana anataka kumpiga risasi asubuhi ya safari. Ndivyo wanavyofanya wengi wao. Jirani yao wa Kaptagat alipohama aliwaua mbwa watatu na farasi, kisha akaingia ndani kunywa kahawa. Kwao hiyo ni huruma. Wanasema mbwa wa Mzungu akiachiwa Mwafrika atakufa njaa.

Wameyasema haya nikiwa pale pale namimina mchuzi. Memsahib hajakubali. Nina hasira kiasi kwamba mwandiko wangu hausomeki.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani. Mahubiri marefu. Sikusikia kitu.

Nimemwambia Rebeka tumchukue Jeki. Mke wangu hapendi mchezo. Amenikumbusha kwamba mbwa huyo alirarua kanzu ya mchungaji. Kwamba anambwekea yeye mwenyewe kila akileta sukuma wiki, na ni mke wa mpishi. Nimpeleke kwa watu gani? Atakaa wapi mahali ambapo hakuna watu weusi?

Ana haki. Nimeamua kunyamaza. Mbwa ni wao, bunduki ni yao.

Jumanne, 14 Machi

Leo nimefanya jambo baya. Niliandike lilivyokuwa.

Nilikuwa nakata vitunguu. Memsahib amekuja jikoni, akasimama karibu na dirisha. Ameongea kwa muda, mimi nawaza nyama iliyo ndani ya oveni. Mwisho akaniuliza: "Zakayo, wewe iko jua Jeki kushinda sisi. Bora apigwe risasi?"

Nikasema, "Ndiyo, Memsahib."

Sikufikiri. Miaka tisa katika jiko hilo, jibu ni hilo moja. Supu iko tayari? Ndiyo, Memsahib. Umevunja kikombe? Ndiyo, Memsahib. Ulimi unajibu kabla sikio halijamaliza kazi. Kila mpishi ninayemjua yuko hivyo.

Akafuta macho, akaenda kumwambia Bwana: hata Zakayo anaona ni heri. Nimewasikia kupitia mlangoni. Mambo yakaisha hapo. Mbwa amehukumiwa kwa mdomo wangu.

Jumatano, 15 Machi

Bwana amenituma nichimbe shimo nyuma ya tangi la maji. Nimechimba. Ardhi ngumu, mvua bado. Jeki amekaa kando ananitazama, akidhani natafuta fuko. Mara mbili ameingia ndani kunisaidia kufukua.

Sijala.

Ijumaa, 17 Machi

Nilitaka kumwambia Memsahib asubuhi. Walikuja wageni kuangalia viti. Nilitaka kumwambia mchana. Alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti, amekasirika. Jioni niliingia na chai, nikafungua mdomo, nikasema maziwa ni ya leo.

Mimi ni mwoga. Nina miaka arobaini na mbili na ni mwoga.

Jumapili, 19 Machi

Nimemweleza Rebeka yote, pamoja na ile "ndiyo". Nilitegemea atasema heri, tatizo limekwisha. Ameacha kuchambua mboga.

"Baba Esta, hiyo ndiyo umesema na mdomo yako. Basi enda useme hapana na hiyo hiyo mdomo."

Nikamuuliza, na kubweka je? Kanzu ya mchungaji je?

"Hiyo wachia mimi," akasema.

Jumatatu, 20 Machi

Rebeka amekuja mlango wa jikoni badala yangu kumlisha Jeki. Bakuli mkononi. Mbwa amebweka mpaka sauti ikakauka. Rebeka hakujali. Ameketi juu ya kuni, bakuli mapajani, akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Dakika kumi, ishirini. Chakula kimepoa. Hakumpa. Ameondoka nacho.

Jeki amelala na njaa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilitaka kumtupia mfupa kwa siri. Rebeka aliniona nikiangalia kabati. Nikaacha.

Jumanne, 21 Machi

Rebeka tena, na safari hii amekuja na jirani yetu Mama Jerusha, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Wameketi wawili. Jeki amebweka mara nne, akakoroma, akakaa. Njaa haina kabila. Amekula akimtazama Mama Jerusha kwa jicho moja.

Jumatano, 22 Machi

Hakubweka. Amekula kwenye mkono wa Rebeka, kisha akaulamba. Rebeka amefuta mkono kwenye leso na kusema mbwa huyu ananuka sabuni ya Kizungu. Alikuwa anatabasamu.

Sasa imebaki sehemu yangu. Afadhali yeye angekuwa ndiye mpishi.

Alhamisi, 23 Machi

Nimesema.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Bwana alikuwa anasafisha bunduki mezani, pale pale penye makombo ya mkate. Memsahib anatazama pembeni. Nimetoa sahani, nikarudi, nikasimama. Nimesema: "Hapana, Memsahib. Ile siku nilikosea. Jeki asiuawe. Nitakaa naye mimi."

Nadhani hawakuwa wamewahi kusikia neno hilo kutoka kwangu. Mimi pia sikuwa nimelisikia.

Bwana akaniuliza, bila ubaya, kama nitaweza kumlisha. Hapo kitu fulani kikanitoka ambacho sikukipanga. Nikamuuliza, "Na hii miaka tisa, Bwana, ni nani amekuwa akimlisha?"

Nilidhani atanifukuza, siku mbili kabla ya kazi yenyewe kuisha. Masikio yake yamekuwa mekundu. Ameangalia bunduki, ameangalia mkewe. Kisha ametoka nje. Nimemwona dirishani amesimama kule nyuma ya tangi, mikono mifukoni.

Aliporudi ameomba kalamu. Ameandika barua kwamba mbwa huyu ni wa Zakayo, mpishi, askari yeyote asimsumbue. Ameweka sahihi. Memsahib amelia, lakini si kama siku ile ya vitunguu. Amenishika mkono. Sikujua nitazame wapi.

Nimekwenda kufukia shimo. Udongo haukutosha. Sijui unaendaga wapi. Nimecheka peke yangu kule, nikaketi chini, nikakaa hivyo mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Ningeweza kubeba kinanda.

Jumamosi, 25 Machi

Wameondoka. Stesheni watu wengi, mizigo mingi. Memsahib alimkumbatia Jeki nyumbani, hakutaka kumleta huko. Kwangu alisema, "Zakayo, kwaheri, wewe mzuri." Bwana amenipa cheti cha kazi chenye maneno mazuri na koti lake la mvua. Koti linanizidi kimo.

Nilidhani nitahuzunika. Kidogo tu. Miaka tisa si mchezo, hata ya kuchemsha maji ya watu. Lakini nilipotoka stesheni nimetembea haraka kama mtu anayengojewa.

Alikuwa anangoja kweli. Rebeka alikuwa amemfunga kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa ametafuna blanketi.

Jumatano, 29 Machi

Soy, kwa shemeji. Tumekuja na lori la mahindi, Jeki katikati ya magunia. Watoto wa hapa walitoroka walipomwona. Yeye alibweka mara moja, nadhani kwa heshima tu, kisha akalala kivulini.

Leo hakuna nyama. Nimemwekea ugali na mchuzi wa mboga. Amenitazama. Nami nimemtazama. Nimemwambia mpishi ni yule yule, kilichobadilika ni kabati. Amekula nusu. Shemeji ananicheka, mtu mzima anasemezana na mbwa. Acha acheke.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimepata kazi. Shule ya misheni, kupika uji na maharagwe ya wanafunzi. Mkuu wa shule amesoma cheti, akaniuliza kama naweza kuanza baada ya wiki. Nimemwambia nina mbwa. Amesema sawa.

Jumapili, 16 Aprili

Mvua imeingia vizuri. Imenyesha tangu asubuhi, kanisani tumekuwa wachache.

Jeki hakuamka mapema leo. Nimemgusa, masikio yana joto lake la kawaida, anapumua vizuri. Ni uzee. Miguu ya nyuma inamsumbua akinyanyuka. Atakufa, labda mwaka huu, labda mwakani. Ni sawa. Atakufa siku ikifika, na hakuna aliyeipanga.

Mchana jua limetoka kidogo. Ametoka pole pole akalala penye ukavu, karibu na ukuta. Nimechukua kigoda nikaketi hapo. Rebeka ametuletea viazi, sahani moja kwangu, sufuria kuukuu kwa Jeki. Tumekula.