Hukuwa Umelewa, Mama Kulwa

Pasiansi, Mwanza

Mama Kulwa,

Juzi pale bombani Doto wako aliitwa mtoto wa mlevi, na hakubisha. Angebishaje, na yeye alikusikia kwa masikio yake ukitubu? Alijitwika ndoo akaondoka. Ningekuwa mtu wa maana ningemkimbilia. Nilijifanya nafunga kanga.

Wiki tatu baada ya kukuzika nilikwenda hospitali kuchukua majibu ya yale maji ya mgongo waliyokutoa ukiwa umelazwa, wakayapeleka Nairobi kupimwa. Kwenye fomu ulikuwa umeniandikisha mimi kama ndugu yako wa karibu. Mimi, baada ya yote yale.

Daktari, yule mama mwembamba, aliniketisha. Alisema nimonia ilikumalizia tu. Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi. Katika damu ya kila mtu kuna askari weupe wa aina nyingi, na baadhi yao huitwa seli B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, silaha za kupigana na magonjwa. Seli B zako ziliingia hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikapiga kambi humo, zikaendelea kuunda silaha na adui hayupo. Alama zake zilikuwa kwenye maji ya mgongo. Kwenye damu hazikuonekana. Hivyo askari wa mwili wako mwenyewe waliuchubua ule utando unaofunika mishipa ya fahamu, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Seli B zina kosa kubwa kiasi gani na wenzao kiasi gani, wataalamu bado wanabishana. Pombe hakuitaja hata mara moja.

Nikamuuliza, mbona kiwandani ulikuwa mzima? Miaka minne tulisimama meza moja tukichuna minofu ya sangara, kwenye baridi ya kuuma vidole, na kisu chako hakikukosea. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitania, "Mama Rebeka, hicho kisu kinakata au kinabembeleza?" Ukitoka nje, jua la saa nane likakupiga, unaanza kuyumba na ulimi unakuwa mzito. Nikajumlisha mwenyewe: ndani mzima, nje kalewa, basi kuna mahali anapitia. Daktari akasema ni joto. Mshipa uliochubuka hushindwa kupitisha habari mwili ukipata joto. Baridi ya kiwandani ndiyo iliyokuwa ikikusitiri.

Sikuwahi kukuona na gongo, wala harufu yake sikuinusa kwako. Lakini wazee wa kanisa waliponiuliza, mimi katibu wa akina mama, nilisema, "Ndiyo, anakunywa." Nilipenda walivyonisikiliza. Wakakutenga na Meza ya Bwana. Ukaja kwangu, ukasimama umeshika mlango. "Dada, sasa nikatubu nini?" Nikakujibu, "Tubu tu, yaishe."

Ukaenda. Saa sita mchana, kanisa la bati, joto tele, ukatubu ulevi mbele ya usharika mzima, na miguu ikakuangusha papo hapo. Watu wakacheka. Mapacha wako walikuwa benchi la pili. Mimi niliinamia kitabu, natafuta namba ya wimbo.

Na kuna baya zaidi. Daktari aliposema dawa ya kuuponya ugonjwa huo haipo, nilishusha pumzi. Nilifurahi, Mama Kulwa, kwamba si uongo wangu uliokunyima dawa. Nilikuwa nimeshafika getini aibu iliponikamata, nikakaa chini mavumbini na gauni langu la Jumapili. Kupona usingepona. Lakini kukaa kivulini, kushikwa mkono, kuaminiwa, hayo hayakuhitaji majibu ya Nairobi.

Nilimwendea mchungaji. Akasema, "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nikamwambia yajayo ni Kulwa na Doto.

Jumapili nitasimama niseme, apende asipende. Ila sitaki wanao walisikie hili kanisani kama walivyolisikia lile. Kesho nikitoka zamu nakwenda kwao, kwa mama yako mdogo. Nitawaambia mama yenu hakunywa hata siku moja. Aliyesema ni mimi, na nilisema uongo. Wakinifukuza, nitarudi keshokutwa.

Pumzika, dada yangu. Msamaha wako siuombi leo. Nitauomba nikishawarudishia mama yao.

Mama Rebeka