Nguzo Yenye Dani ya Tatu

Mwalimu Bukuru,

Ni mimi Adela, fundi cherehani wako mbishi. Mvua imeishika Kasulu tangu mchana, wateja hawapiti, nami nimeona nikuandikie kabla habari hizi hazijakufikia zikiwa zimetiwa chumvi. Klabu yetu ya taekwondo ipo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Ila nusura isiwepo.

Siku ya kuondoa matanga kule kwenu Titye, watu walikaa uani na vitu vyako vikagawiwa. Baiskeli ilienda kwa mpwa wako, redio kwa dada yako. Kisha pacha wako Butoyi akasimama na kuniita mbele za watu. Nikuambie ukweli, tangu msibani nilikuwa nakwepa kumtazama Butoyi. Sura ni yako, sauti ni yako, hata kile kikohozi chako kabla ya kusema neno zito anacho. Nimekuzika jana, leo uso wako unanikaribisha ugali na maharage. Ilikuwa ngumu, Mwalimu.

Alikuwa ameshika mkanda wako mweusi. Na ulikuwa umefuliwa! Mke wake aliuloweka kwenye sabuni, akautia wanga, akaupiga pasi ya mkaa mpaka ukakakamaa. Wewe uliyetuapisha kwamba mkanda haufuliwi, kwamba jasho la miaka ndilo heshima yake. Nilicheka huku nalia, na wazee wakadhani ni kilio kitupu.

Butoyi akakohoa, akasema, "Shamba lina mrithi. Baiskeli ina mrithi. Na huu nao una mrithi. Vaa, ukae mahali pake."

Nikapiga magoti, nikaupokea kwa mikono miwili. Sikuuvaa.

"Baba mdogo," nikamwambia, "dani hairithiwi."

Ikabidi niwaeleze wazee wote pale uani kwamba ile mistari mitatu ya dhahabu kwenye ncha ya mkanda ni dani tatu, yaani ngazi ulizopanda mwenyewe, kila moja kwa mtihani wake, na mimi nilikuwa nimepanda moja tu. Mtu akivaa mkanda wa dani asiyoifikia ni sawa na kuvaa pete ya ndoa ya jirani. Hawakufurahi. Shangazi yako alisema mji umenitia kiburi. Kiburi ulinitia wewe, lakini sikumwambia, alikuwa na msiba.

Nilirudi mjini na mkanda wako ndani ya mkoba, nikakuta ujumbe kutoka chama cha mkoa. Klabu isiyo na kiongozi mwenye dani ya pili itafungwa, na wanafunzi wahamie Kigoma mjini. Sasa ni mzazi gani wa Kasulu atampeleka mtoto Kigoma kila jioni akarushe mateke? Mzee Shabani, yule mwenye ghala la maharage unakotufundishia (naandika bado kama upo, niache hivyo hivyo), aliniita dukani kwake. Akanieleza kwa upole kwamba kuna mnunuzi kutoka Kibondo analitaka ghala mchana na jioni pia. Angemzuia mpaka nifanye mtihani. Nikifeli, basi. "Mimi ni mfanyabiashara, binti yangu," akasema, "ila nitakuombea dua."

Kwa hiyo nikakaza. Asubuhi cherehani, jioni wanafunzi, na wakiondoka nabaki na Koryo.

Unakumbuka ulivyonifundisha Koryo? Ulikuwa msimu wako wa mwisho wa mvua. Uwanja wa shule ulikuwa tope tupu, tukabanana ghalani, katikati ya magunia. Butoyi aliwahi kuniuliza Koryo ni nini hasa. Nikamwambia ni mpangilio wa hatua, kinga na mateke ambao mtu anaufanya peke yake, kama anapigana na adui anayemwona yeye tu, na ndio unaopimwa ukitaka dani ya pili. Akauliza, "Na huyo adui hujua kwamba anapigwa?" Nikakumbuka mlizaliwa siku moja, na utani mmoja.

Ulikuwa umeshadhoofu. Ulikuwa unaegemea ile nguzo ya mkaratusi katikati ya ghala, sweta juu ya sare nyeupe, unanirekebisha kwa kidole tu. Nilikuwa naanza na mikono ikisukuma hewa polepole mbele ya uso, kisha teke la ubavu la chini na la juu, mguu usiguse ardhi, na ukigusa unasema, "Fundi, umeangusha sindano." Nikija mbele, nakukuta wewe na nguzo. Nakuzunguka kwa kulia, naendelea. Ghala ni jembamba, pengine pa kupita hapakuwepo. Ulisema mvua zikiisha tutatoka uwanjani tuinyooshe.

Mvua ziliisha. Wewe ulikuwa umetangulia.

Kigoma mtihani ulikuwa kwenye ukumbi mpana wa shule, sakafu ya vigae, hakuna hata kiti katikati. Mtahini mkuu alikuwa mzee mwenye mvi, aliyetoka Dar, mtulivu. Nikainama, nikaanza. Mwalimu, nilikuwa moto. Mateke yangu yalikuwa yanapiga hewa mpaka sare inalia. Nikaja mbele, na palepale katikati ya ukumbi mtupu nikachepuka kulia, nikazunguka, nikaendelea kwa kujiamini kabisa.

Akaninyooshea mkono nisimame.

"Binti, hapo umekwepa nini?"

"Nguzo, Mwalimu."

"Nguzo gani?"

"Ya Kasulu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Mzee hakucheka. Aliuliza nani kanifundisha, nikataja jina lako, nikasema umefariki. Akaandika kitu, akasema niwapishe wengine, nitarudia mwisho, mara moja tu, na safari hii niiache nguzo nyumbani.

Nikatoka nje nikajaribu kwenye nyasi, nikachepuka. Nikajaribu tena, nikachepuka tena. Nikajikasirikia, nikajiita majina ambayo usingependa kuyasikia. Nilikuwa nawaona wanafunzi wako wamesimama nje ya ghala, mnunuzi wa Kibondo anapakua magunia, na yote ni kwa sababu ya hatua moja. Nikakaa chini. Ndipo nikaelewa kwamba nilichokuwa nakwepa hakikuwa mkaratusi. Ni wewe. Pale ndipo uliposimama mara ya mwisho ukiwa na nguvu ya kusimama, na mwili wangu ulikuwa unakataa kupita juu yako. Nikalia pale kwenye nyasi, nikalia vizuri, kilio ambacho Titye sikukimaliza kwa sababu uso wako ulikuwa unanitazama.

Kisha nikajifuta na mkono wa sare. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, naomba kupita." Kama tunavyosema nyumbani mtu mzima akiwa amekaa mlangoni.

Nilipoitwa nilipita. Nilikuja mbele, nikafika pale, sikuchepuka. Nilinyooka, na kwa ukelele nilioupiga kwenye pigo la mwisho, mzee aliweka kalamu chini. Nilipomaliza nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imesimama palepale nilipoanzia, kama ulivyosema siku zote kwamba Koryo iliyofanywa sawasawa humrudisha mtu alipotoka. Ghalani haikuwahi kunirudisha.

Nimepata dani ya pili, Mwalimu. Mistari miwili nimeidarizi mwenyewe kwenye mkanda wangu, kwa uzi wangu. Mzee Shabani alimpigia simu mnunuzi wa Kibondo mbele yangu, akamwambia jioni ghala lina wenyewe.

Sasa suala la mkanda wako. Sikutaka kuurudisha Titye wakadhani nimeudharau, na kuuvaa siwezi. Nimeufunga kwenye nguzo, kwa fundo letu lile lile, ncha zote mbili sawa. Butoyi alikuja kuona. Alipitisha kidole kwenye mistari, akakohoa. Akasema, "Basi huyu ndiye mrithi," akaipigapiga nguzo begani, kama ina bega. Sasa huja siku za soko kututazama. Wanafunzi wapya wakimwona hushtuka, nami nawaacha washtuke kidogo kabla sijawaambia. Mimi siku hizi namtazama usoni.

Mzee Shabani analalamika kwamba wanunuzi wanamuuliza kama ile ni hirizi ya kuzuia wezi. Nimemwambia awajibu ndiyo.

Koryo naifundisha uwanjani, imenyooka. Mvua ikitufukuza tunaingia ndani na tunazunguka nguzo, lakini kila mmoja anajua anazunguka nini. Kabla ya kuanza tunainamia bendera, kisha tunageuka tunamwinamia aliye na dani kubwa kuliko wote humu ndani. Hiyo ni nguzo. Ina tatu, mimi nina mbili, inanizidi cheo na haijawahi kurusha hata teke.

Nakuahidi hali hiyo haitadumu. Nitaenda tena Kigoma, na ikibidi Dar, na mtihani wa tatu nitaufanya bila kuchepuka. Siku hiyo nitasimama kando ya nguzo na mkanda wangu mwenyewe, wenye mistari mitatu niliyoidarizi mimi, na haujafuliwa. Tutatazamana wewe na mimi, sawa kwa sawa. Halafu nitakuinamia wa kwanza.

Kila jioni ulituaga kwa Kiha chetu, twende kwa amani, na nilikuwa naitikia nikiwa tayari mlangoni. Leo naanza mimi. Genda amahoro, Mwalimu.

Fundi wako,
Adela