Matanga ya Dastani Yasubiri

Jumatano, 5 Novemba 2025

Kaka Nikolao, shikamoo. Wifi Bibiana, mgongo unaendeleaje? Baba Dastani mume wangu, salamu sana, dawa yako ya presha iko kwenye kopo la majani ya chai. Mama mkwe, shikamoo, nisamehe niliondoka hujaamka. Anjelina mwanangu, na mumeo Godwin, na pacha wenu. Jirani Mwanasha, korosho zangu za mpakani ziokote tu, zisiozee chini. Na wewe Dastani, popote ulipo, marahaba — hujaniamkia lakini naitika.

Najua daftari hili halisomwi na mtu. Ila siwezi kuanza bila kusalimu.

Nimefika Uhispania, mji wa Kadis. Tumekuja watatu. Mimi, Esther mfinyanzi wa Masasi, na Yuster, binti wa ofisi iliyotuleta, yeye anajua Kihispania. Tumealikwa kufinyanga vyungu kwenye maonyesho. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa kwenye viza. Mimi nina yangu. Mwanangu Dastani alitutumia picha kutoka mji huuhuu, miaka mitatu na miezi miwili iliyopita. Tangu hapo kimya.

Kaka Nikolao ameshatangaza. Jumamosi tarehe 15 anaweka matanga ya Dastani. Bila maiti. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, akisema amesema. Nilimpigia magoti. Akaniambia, "Ukirudi na sauti yake, naacha. Ukirudi na maneno ya watu, namlilia mtoto wangu nipumzike."

Simlaumu. Amekonda kwa kusubiri. Lakini mimi sijachoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumefinyanga uwanjani, mbele ya watu. Walitaka kunipa gurudumu la kuzungushia udongo. Nikakataa. Chungu kinakaa, mtu ndiye anazunguka, tena kinyumenyume. Mzee mmoja wa Kizungu akaja kuzunguka nyuma yangu, akakalia ndoo ya udongo. Esther akasema huyu tumpeleke kijijini kwenu Mnyambe, kwa kumfuata mwanamke hivi tayari ameshaposa.

Yuster anasema mji una miaka elfu tatu. Mimi naona nyumba zimejaa kisiwani mpaka pa kuweka mguu hakuna. Ukienda mbele bahari. Ukikata kulia bahari. Ukirudi — bahari. Vichochoro vyembamba, nguo zinaanikwa juu ya vichwa vya watu. Samaki wadogo wa kukaanga wanauzwa kwenye karatasi kama karanga, wanaliwa na kichwa na miba. Nimekula. Watamu, ila kuhesabu macho yao siwezi.

Jioni nilionyesha picha ya Dastani kwa watu ishirini na mmoja. Hamna.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua kutwa. Maonyesho yamefungwa. Nimekwenda sokoni, bandarini, kanisani. Wanaitazama picha kwa huruma, wanatikisa kichwa. Soli ya kiatu imeachia. Kesho tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo wenyeji walitupandisha mnara mmoja mrefu. Zamani matajiri wa hapa walijenga minara juu ya nyumba zao, wapate kuona meli zao zikirudi. Kumbe na wao walikuwa watu wa kungoja.

Magoti yaliniuma kwenye ngazi lakini nilifika. Mapaa yote ni bapa, meupe, kama sakafu. Watalii wanapiga picha bahari. Mimi nikatoa picha yangu. Dastani amesimama juu ya paa, nyuma yake kuba la njano la kanisa kubwa, na minara miwili ya kengele, mmoja umejificha nusu. Nikamwambia Yuster, tutafute ni paa gani mtu akisimama, mnara mmoja unajificha. Akapima kwa mkono, akasema yatakuwa mapaa manne yale pale. Kuna darubini ya watalii. Nikachungulia moja moja.

La tatu lina pipa.

Pipa la bluu chini ya mfereji wa bati. Mdomo umefungwa kitambaa kwa mpira wa baiskeli. Na katikati ya kitambaa, jiwe! Watu wa hapa wakinge mvua ya nini, na maji yanatoka ukutani kutwa? Na nani ataweka jiwe ili kitambaa kibonyee, maji yasimwagike pembeni, kama hakukulia kwetu, ambako ndoo moja ni kushuka bonde na kupanda?

Esther akacheka, eti sisi Wamakonde hata mbinguni tutakinga. Kisha akaona uso wangu. Akanishika mkono mpaka chini.

Jumapili, 9 Novemba

Tumeuona mlango. Amefungua bibi mmoja, miaka themanini hivi, anaitwa Remedios. Sijatoa hata picha. Alinitazama, akasema kitu. Yuster akatafsiri, "Anasema una paji la uso la Dastani."

Yuko hai. Yuko hai.

Amepanga chumba cha juu, kule kwenye paa. Yuko baharini na meli ya uvuvi, wiki ya tatu sasa, wanarudi tarehe 20. Nikauliza, kwa nini mwanangu hapigi simu? Bibi aliinua mkono wa kulia, akakunja vidole vitatu.

Kamba ya wavu ilimkata. Mwaka uleule wa kwanza. Dastani wangu, fundi wa kuchonga vinyago, aliyeanza kushika patasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alimwapisha bibi asimwambie mtu wa kwao. Anasema hawezi kurudi kwa watu wanaochonga akiwa na mkono ule.

Bibi akasema ameapa, ni kweli, lakini na yeye amezaa.

Akanipandisha juu. Kitanda kimetandikwa. Pipa limejaa. Dastani alimfundisha, mvua ya kwanza iache ioshe paa, ya pili ndiyo ukinge, usisahau jiwe. Akiwa safarini bibi anamfungia kitambaa. Maji anamwagilia maua.

Sikulia pale. Nimelia hapa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia kaka Nikolao. Nimemweleza yote, pipa, bibi, kitanda. Amesikiliza bila kukata. Halafu akasema pipa si mtu. Bibi wa Kizungu si mtu wa ukoo, anaweza kuwa anamhurumia mama mwenzake. Mbuzi ameshafungwa nyuma ya nyumba, ndugu zetu wa kijiji cha Chidya wameshaambiwa. "Nilisema sauti, Mama Dastani. Sauti."

Nikasema tarehe 20 si mbali. Akasema miaka mitatu nayo haikuwa mbali.

Mtu akishaliliwa na mjomba wake, atarudi kwa nani? Atasikia tu kuwa wamemzika jina. Ataona ni heri. Atabaki hukohuko baharini.

Ndege yetu ni kesho saa sita mchana. Viza yangu inaisha tarehe 25. Nimemwambia Yuster sipandi. Amelia, anasema atafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Roho imeniuma, ni mtoto wa watu. Nimemwandikia karatasi kwa mkono wangu kwamba nimekataa mwenyewe, nikatia sahihi na dole gumba juu yake. Esther ameuliza nitakula nini. Nimemwambia nitakula wale samaki wenye macho. Chungu changu atanibebea yeye.

Jumanne, 11 Novemba

Asubuhi, kwa bibi Remedios. Esther na Yuster wako chini kwenye teksi, Yuster bado anasema nina dakika kumi za kubadili mawazo.

Bibi ana namba ya simu ya melini, ya dharura tu. Jana alinikatalia. Leo aliponiona na begi mlangoni, alivaa miwani akabonyeza. Iliita sana. Akapokea mwanaume. Bibi akasema naye kidogo, kukawa kelele za injini, halafu sauti nyingine. Bibi akanipa simu.

"Diga," ikasema. Neno lao la kuitikia simu.

Nikasema kwa Chimakonde, mimi mama yako. Kimya. Nikasema vidole ninavijua, nimeambiwa, hata ungebaki na kimoja ungeshika kijiko changu. Mjomba wako anakulilia Jumamosi, sema neno nimpelekee. Kimya. Nasikia anahema. Anahema kama alivyokuwa akiugua surua, kwa pua, kwa kukatakata.

Simu ikakatika. Au aliikata.

Bibi anabonyeza tena. Inaita.

Nimemtumia kaka ujumbe huu, nimeunakili hapa nisije nikausahau:

Kaka Nikolao, shikamoo. Nimesikia sauti. Ni neno moja, tena la Kihispania, lakini ni la Dastani, mimi ndiye niliyemzaa. Ndege inaondoka, mimi nimebaki. Mfungue mbuzi. Usiwashe moto wa matanga. Nijibu upesi, kaka, kabla watu wa Chidya hawajatoka kwao.