Swali Nililomuuliza Mwalimu wa Salim

Jumanne, Ghubra, huku nchi ya Waarabu. Joto la leo si la kawaida, hata mwanangu Nasra amekataa kulala. Nami situlii. Nakaa, nasimama, nafungua friji na sitaki kitu.

Nimeharibu au nimesaidia?

Jana mwalimu wa chuoni wa mume wangu Salim, mama wa Kizungu, alikuja nyumbani kuujadili utafiti wake. Salim anaandika jinsi wasomi walivyochangia nchi za Ulaya kuungana: wao huchunguza na kuandika, viongozi husoma, mipaka hulegezwa. Mwalimu akiridhika, tunakwenda huko sote watatu, mwaka mzima. Soksi nzito za Nasra zimo sandukuni tayari.

Mie shule niliiacha mapema. Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa kisha niondoke. Lakini mgeni wetu, na Kiarabu chake kizuri cha vitabuni, hakujua kwamba ukitosheka unaitikisa finjani. Ananirudishia tu, imetulia, nami namimina. Finjani nane, maskini, anakunywa kwa adabu! Sikuweza kumwacha, kwa hiyo nikasikia yote.

Mpaka likanitoka: "Na wanaokaa hapo mipakani, kuna aliyekwenda kuwauliza wanataka nini?"

Mwalimu akamgeukia Salim. "Hili umeliandika wapi?"

Hakuliandika popote. Ameambiwa aongeze sura nzima, na safari isubiri mpaka aimalize.

Asubuhi mama mkwe kanicheka: "Wee mwana! Tumekutuma kumimina kahawa, ukamimina na fitina! Wallahi nnakuogopa." Nikacheka naye, kisha nikajifungia jikoni.

Salim hajanigombeza, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Angefoka ningejua pa kusimama. Tangu jana ananipita tu, kama anayetafuta kitu chumbani.

Mchana, anataka kutoka, akasimama mlangoni. "Ungekuwa wewe unayeulizwa, ungetaka wakuulize nini?"

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama, kumbe kashika kalamu.

Sijawahi kuulizwa kitu na mtu mwenye kalamu mkononi. Nikamwambia aende, nitafikiri.

Nimefikiri mpaka sasa, Nasra yuko begani. Mama yangu yuko Unguja, na mjukuu wake bado hajamshika. Ningetaka waniulize kwanza mama yangu amebaki upande gani wa mpaka.

Salim akirudi nitamwambia. Aandike.