Mguu wa Alfayo

Gesima,
Jumapili asubuhi.

Kwako Magokoro,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi yetu. Goti lako linaendeleaje? Natumaini Baba Mdogo anakuwashia moto. Huku Baba ni mzima, chai imechipua vizuri, na Mama alipiga simu kutoka Saudia akasema nawe usalimiwe. Mimi sijambo, ila tangu shule zifungwe naongea na ng'ombe zaidi kuliko watu. Unanijua, nyanya yangu. Simu ya nyumba ni ya Baba, ndiyo maana naandika.

Ni habari za kaka Alfayo. Tangu arudi kutoka Mombasa anachuna chai, hanywi, hagombani na mtu. Lakini mguu wake wa kushoto hufura hadi slipa haimwingii, na juu ya kifundo kuna kidonda kinachotoa maji. Husema alichomwa na kisiki cha mchai. Jirani yetu Momanyi humtania sokoni, eti mwenye shina la ndizi apishwe njia. Alfayo hucheka naye, kisha anarudi kujifungia kwenye esaiga, nyumba yake ya ujana.

Baba haingii humo. Ulitufundisha chinsoni, miiko yetu ya heshima, wewe mwenyewe, kwamba baba haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa, wala hawaongei mambo ya mwili. Basi Baba husimama nje, anauliza kama chai itajichuna yenyewe, halafu anaacha dawa ya kupaka kwenye jiwe. Huchelewa kuondoka. Mimi ndiye huosha kidonda, na sina wa kumwambia ninachokiona.

Juzi nilimsindikiza zahanati Kebirigo. Muuguzi alitaka damu ya kupima. Akadunga mkono wa kulia, akadunga wa kushoto, akarudia wa kulia, mshipa hakuna. Akauliza foleni yote ikisikia, wewe kijana, mishipa yako ilienda wapi? Alfayo akashusha mkono wa shati, akatoka. Muuguzi akanivuta kando, akasema mguu ufungwe bandeji ya kubana, uinuliwe akilala, na lazima apigwe picha ya mishipa Kisii, kwa sababu kidonda kikizidi kuingia ndani huenda ukakatwa.

Tulipofika shambani ndipo Alfayo aliponiambia. Magokoro, si kisiki. Kule Mombasa alikuwa akijidunga heroini. Mishipa ya mikono ilipoziba akahamia mguuni, kisha juu ya paja, mahali ambapo mimi dada yake sitapaandika. Aliacha miaka mitatu iliyopita, na namwamini, maana nimemwona akikataa hata tembe ya maumivu. Lakini mishipa haikurudi. Damu inashuka, kupanda inashindwa.

Picha ameikataa. Anasema itabidi avue suruali na kueleza, na habari zikimfikia Baba hawataweza kukaa boma moja. Afadhali arudi Mombasa. Na huko hakuna anayemngoja isipokuwa wale wale aliokuwa akijidunga nao.

Mimi siwezi kumwambia Baba, itakuwa aibu ya wote wawili. Lakini bibi na mjukuu hawaoneani haya. Wewe unaweza kuingia, ukae kitandani pake, umwulize lolote, hata umpeleke Kisii ukimtukana njia nzima, na hakuna atakayeona ajabu. Tafadhali njoo wiki hii. Nilimwapia kwamba sitasema, na hajui nimeandika. Akinikasirikia, basi anikasirikie akiwa na miguu yake miwili.

Wasalimie wote wa hapo Birongo, na Mungu alinde safari yako.

Mjukuu wako,
Nyamusi