Meli ya Murdo Inakatwa

Inverkeithing,
9 Machi 1948

Dada yangu mpenzi Isobel,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba kifua chake kimetulia baada ya baridi kupungua. Mimi sijambo, ila mikono imejaa malengelenge. Kazi ya kukata vyuma haina adabu.

Mama ameniandikia kwamba umemkataa Tormod mfumaji kwa mara ya tatu, kwa kuwa mumeo Murdo huenda yu hai huko Urusi. Barua hiyo nimeisoma mpaka imechanika mkunjoni.

Sasa sikia. Wiki iliyopita ilivutwa hapa manowari ya kukatwa iwe chuma chakavu. Kutazama namba ubavuni, masalale, ni Thornwick yetu! Ile ile niliyotumikia pamoja na shemeji. Iliundwa kwenye mto Clyde, wakati wa vita ikasindikiza misafara ya meli za mizigo hadi Murmansk, Urusi, mara saba, ikapigwa bomu karibu na Malta, ikashonwa, ikarudi kazini bila kulalamika. Msimamizi wetu, mzee Geddes, aliponiona nimeduwaa akaniuliza kama nimekuja kukata chuma au kuposa. Wenzangu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba huyu nimeishi naye miaka minne, mahari nilishamaliza.

Jana nilifika kwenye jukwaa la juu, pale anaposimama mlinzi kuangalia nyambizi. Nilishindwa kukata. Nilikaa chini nikalia, Isobel, mbele ya watu.

Desturi yetu unaijua: kila adhuhuri baharia hupewa kipimo cha ramu, ile pombe kali, na mwenzako akikufanyia hisani humpa ya kwako. Asubuhi ile ya Februari 1943 zamu ya ulinzi pale juu ilikuwa yangu. Blanketi lilikuwa na joto, nikaona uvivu kutoka. Nikamwomba Murdo anishikie kwa ramu ya siku mbili. Alinicheka, akasema kwa ramu yote hiyo angenitafutia na mke. Hazikupita dakika kumi, wimbi likamzoa baharini.

Nilikuambia kwamba nyuma yetu kulikuwa na meli ya uvuvi ya Kirusi, labda ilimwokota. Hapakuwa na meli yoyote. Niliposikia kelele nilitoka mbio, nikamwona kwa macho yangu. Aliinua mkono mara moja tu, akazama. Nahodha hakuweza kusimamisha meli, nyambizi zilikuwa zinatuwinda. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utaniuliza nani alipaswa kusimama pale. Miaka mitano umemsubiri kwa ajili ya woga wangu.

Murdo amekufa, dada. Nisamehe ukiweza. Tormod ni mtu mwema, olewa. Na kama hutaki kuniona siku ya harusi, niambie tu, nitabaki huku wala sitanuna.

Mpe mama naye aisome barua hii, nimechoka kuwaficha. Wasalimie majirani wote, na Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako, mwenye zamu ile,
Finlay