Ule Wimbo wa Mlango na Mbu

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Betri,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo wewe? Na mgongo je, bado unakusumbua kwa kule kusimama kutwa kiwandani? Sisi huku hatujambo. Mama yako mkubwa miguu inamuuma asubuhi, ikifika saa nne miguu inapona na mdomo unaanza kazi. Mimi macho yananipa taabu kidogo nikitunga uzi, lakini cherehani inakwenda na wateja wapo, hasa wa sare za shule.

Barua yako niliisoma dukani, nikairudia nyumbani. Ile sehemu uliyoandika kwamba sura ya mama yako unaikumbuka kwa sababu ya picha, ila sauti yake imekutoka kabisa, ndiyo niliyoirudia zaidi. Uliniuliza alikuwa anaongeaje. Nilishika kalamu nikashindwa. Niandike kwamba ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo? Wangapi wana sauti ya namna hiyo? Mama mdogo alituacha wewe hujamaliza hata kung'oa meno ya utoto, na hakuna aliyefikiria kumrekodi. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Jumapili iliyopita.

Nivumilie nianze na muziki, maana habari yenyewe imetokea huko.

Bado nakwenda kwa fundi redio kila Jumapili tukishakula mchana. Tupo wachache tu: fundi mwenyewe, nesi mstaafu, muuza magodoro na mimi. Kila mmoja kwa zamu analeta wimbo ambao wenzake hawaujui. Ukileta wimbo uliozoeleka kwenye harusi, adhabu yako ni kuchemsha chai. Nesi ni bingwa wa upande wa pili wa santuri, zile nyimbo ambazo bendi zilirekodi ili kujaza nafasi tu, kumbe ndizo tamu. Mwezi jana alileta mmoja wa gitaa tupu: mpigaji anakosea mwanzoni, anacheka, anaanza upya, na hawakukikata kicheko chake. Nimekuwekea. Nimekuwekea pia kwaya moja ya wafanyakazi wa reli ambayo besi zake zinatetemesha vikombe kabatini. Wapelekee wale wenzako wa kiwandani wanaojidai wanajua muziki, uone watakavyonywea.

Sasa tuje kwenye ule wetu wa mlango na mbu. Najua hujausahau, ila sijui kama unakumbuka tulivyoupata. Redio ya baba ilikuwa mezani, kinasa sauti mbele yake, mimi nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwakodolea macho wote wanyamaze. Mtangazaji hakutaja jina la wimbo wala la bendi. Bwana mmoja amesimama nje ya nyumba ya mpenzi wake, anaomba afunguliwe kwa kijisauti chembamba cha mvulana. Kisha gitaa linapungua, na kutoka ndani kasauti ka msichana kanasema: "Fungeni mlango, mbu wanaingia, na moto umelala."

Tukaamua wenyewe kwamba huo moto ni mapenzi, na bwana kakataliwa. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno letu la nyumbani, kufungiwa mbu. Binti wa mwoka mikate alipokurudishia barua yako bila kuifungua, nyumba nzima ilisema Betri kafungiwa mbu. Na mimi yule mwalimu aliponiacha, mama aliuliza tu kama nimefungiwa mbu, nikacheka huku nalia.

Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mama mdogo. Kila tukiufikia ule mstari, na sisi tukiuimba kwa nguvu, alijifunika uso kwa viganja mabega yakimtikisika. Tulidhani anamcheka yule bwana.

Basi Jumapili iliyopita zamu ilikuwa yangu. Wimbo huo nimeutafuta tangu ujana, sijapata anayeujua, nikajua chai sichemshi. Nikapeleka kaseti yenyewe, ile ya zamani. Haujafika hata katikati, muuza magodoro akasema anao. Akaenda kwake, akarudi na santuri ameifunika kwa foronya. Maneno yaleyale, gitaa lilelile, lakini mwimbaji ni mtu mzima mwenye sauti nzito, tena anakwenda taratibu. Tukafika pale gitaa linapopungua. Kimya. Gitaa peke yake. Hakuna anayeambiwa afunge mlango.

Unanijua nikipandwa na hasira. Nilimwambia santuri yake imekatwa, nesi akanicheka mbavu zikamuuma. Fundi yeye aliuliza tu kama tulirekodi kwa betri. Nikamweleza habari zako: baba yuko safarini, betri mpya hakuna, na wewe unazianika zilezile juu ya bati la jikoni na kuapa kwamba zimepona. Akasema betri zikiwa hoi, kinasa sauti huzunguka polepole. Siku ukiicheza kaseti hiyo kwa betri mpya, kila kitu kinakimbia na kila sauti inakuwa nyembamba. Akachukua bisibisi ndogo, akaigusa mota, akaipunguza kasi kidogo kidogo huku santuri ikizunguka pembeni, mpaka yule mvulana wetu akawa yule mtu mzima.

Kisha gitaa likapungua.

Hakuwa msichana, mdogo wangu. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, ikitokea upande wa jikoni. Nilijikuta nimesimama kabla sijajua kwa nini. "Fungeni mlango, mbu wanaingia, na mtoto amelala."

Mtoto amelala. Wala hapakuwa na moto wowote. Mama mdogo alisema hivyo kila magharibi, ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba alisema na siku ile. Yeye alijua miaka yote hiyo, akatuachia tuimbe. Na mtoto mdogo nyumbani alikuwa mmoja tu, amechoka kwa kazi yake ya kuanika betri.

Nililia palepale karakanani, sikuona haya. Chai alichemsha muuza magodoro bila kuambiwa. Jioni nilimsikilizisha mama. Alitega sikio, akasema, "Huyo ni mdogo wangu," kisha akaniuliza kama mlango nimeufunga.

Ningeweza kukurushia kwa simu, lakini nakujua, ungeifungua ukiwa kwenye foleni ya chakula, kelele kila upande. Kwa hiyo nimempa kifurushi mkononi jirani yetu dereva wa lori, anakuja huko. Ndani ya kifurushi utakuta redio kaseti ndogo aliyoifufua fundi, kaseti ya nyimbo za kugawana na wenzako, na nyingine yenye wimbo wetu ukienda kwa kasi yake ya kweli. Ile ya zamani nimeibakiza, mama hataki itoke nyumbani. Betri nimekuwekea mpya. Tafadhali usizianike.

Huu usikilize kwanza peke yako. Ukishatulia, mwite binti yako naye amsikie bibi yake. Lile neno letu sijui tulifanyeje sasa. Sisi wengine tumeachwa na kukataliwa tu, kumbe aliyefungiwa mbu kweli, wasimuume usingizini, ni wewe.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Kaka yetu mwashi anakusalimu, na wanangu mapacha wanauliza mjomba anakuja lini. Nesi, fundi na muuza magodoro hawakujui, lakini tangu Jumapili wanakuulizia kama ndugu yao. Mpe mkeo mkono wangu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na usingizi mzuri. Lala, mdogo wangu. Mlango tumeufunga.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Mbonyeza Vitufe